Taulo la Kipa wa Koboko

Yule mwanamke anayekaanga simsim, ule ufuta wetu, nje ya ukuta wa uwanja wetu hapa Arua hajui anachonifanyia. Mimi napita zangu nikitoka sokoni, nimebeba mboga na mawazo yangu ya mtu mzima, halafu harufu ile inanikamata puani: simsim zikianza kupasuka kwenye sufuria, sukari ikiyeyuka na kugeuka rangi. Papo hapo moyo unaanza kwenda mbio kama wa mtu anayesubiri penalti. Juzi nilisimama pale muda mrefu mpaka akaniuliza kama nimepotea. Nilinunua madonge mengi kuliko tunavyoweza kula nyumbani, nikaanza kuyala njiani bila aibu.

Ninyi mliokulia mji huu wakati wangu mtakuwa mashahidi wangu. Timu yetu ikicheza nyumbani hakukuwa na mgonjwa Arua. Vijana wa boda boda walifunga matawi mabichi mbele ya pikipiki zao na kupita mtaani kwetu Awindiri wakipiga honi, sisi bado tunakunywa chai. Mafundi cherehani walifunga milango. Mechi ikiwa Jumapili, hata mahubiri yalijifupisha yenyewe, na mchungaji ukimtazama vizuri miguuni ungeona amevaa viatu vya kutembelea mbali. Halafu zililia pembe, zile ndefu za vibuyu vilivyounganishwa, ambazo siku nyingine utazisikia kwenye msiba wa mtu mzima. Sauti yake inaingia tumboni kwanza. Sisi watoto tulikuwa tukiisikia tunaacha vyombo vichafu pale pale kwenye beseni na kukimbia, na hakuna mzazi aliyetuita turudi kwa sababu wazazi wenyewe walikuwa mbele yetu.

Baba yangu alikuwa fundi baiskeli siku za kawaida. Siku ya mechi alikuwa mwenye ngoma. Ngoma yenyewe ilikuwa kubwa, ya ngozi ya ng'ombe, nayo ilikaa chumbani kwetu karibu na kitanda chake utadhani mtoto mchanga. Aliifunika kwa bendera nyekundu ya timu, ile bendera kubwa ambayo washabiki wote walimpa aitunze, maana ngozi ikilowa maji inalegea na ngoma inakufa sauti. Baba akipiga ile ngoma, upande wetu wote wa uwanja uliimba. Akinyamaza, walinyamaza. Nilikuwa naamini kwamba mpira nao unamsikiliza.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu. Mama yangu si wa Arua. Mama ni Mkakwa wa Koboko, na kipa wa timu ya Koboko alikuwa mdogo wake, mjomba Wani. Mjomba alikaa kwetu miaka yake yote ya shule. Jioni baba alimsimamisha kati ya mipapai miwili nyuma ya nyumba akampigia mipira mpaka giza, naye akajirusha kwenye udongo mwekundu na kuinuka akicheka. Mama alilalamika kuhusu nguo za kufua. Kwa hiyo yule kipa ambaye Arua nzima ilikuwa haimpendi, alifundishwa kudaka Awindiri, na aliyemfundisha ni mwenye ngoma wa Arua. Baba hakupenda kukumbushwa.

Mimi nilimpenda mjomba Wani kupita kiasi, na nilikuwa na sababu. Kila alipokuja kutoka Koboko alibeba taulo lake la kijani amelifunga fundo, na ndani ya fundo kulikuwa na madonge ya simsim aliyotengeneza nyanya, mama yake mzazi. Hakunipa. Kwetu mjomba hampi mtoto wa dada yake, mtoto anachukua. Hiyo ndiyo desturi, Walugbara wa kwa baba wanaijua na Wakakwa wa kwa mama wanaijua. Mtoto wa dada akifika kwa mjomba anaweza kukamata kuku uani akaondoka naye, na mwenye kuku atabaki kucheka. Kumzuia ni kujitafutia mkosi, na kilichochukuliwa hakiombwi tena. Basi mjomba aliweka taulo lake juu ya kiti, akajifanya anatazama dari, nami nikafungua fundo nikayanyakua madonge yote. Akashika kichwa: "Huyu mutoto amenimaliza." Mchezo huo tuliucheza kila alipokuja na haukutuchosha.

Mwaka ule Koboko walipanda ligi kuu, na timu zote za huku kwetu zilizowahi kubezwa na watu wa Kampala zikawa na la kusema. Lakini furaha ya majirani huwa haikai muda mrefu. Ilipotangazwa kwamba Koboko watakuja Arua, mji uligeuka. Sokoni walibishana wauza samaki, hospitali ya Kuluva walibishana wagonjwa, na radio ya mjini ikafungua simu zake watu waseme. Baba alipiga simu. Nilikuwa nimekaa miguuni pake, nikamsikia mara mbili, mara moja kutoka mdomoni na mara ya pili kutoka kwenye radio ya jirani.

"Yule kipa ya Koboko iko na kitu kwa taulo yake," alisema. "Watu napiga mpira, napiga, mpira nakataa kuingia. Atufungulie taulo tuone."

Alisema akicheka. Ilikuwa maneno ya ushabiki, ya kuchangamsha watu. Lakini neno likishatoka halina mkia wa kulishika. Kufikia kesho yake hapakuwa na mtu mjini asiyejua kuhusu taulo la Wani. Mtu mmoja aliapa kwamba ameliona likipumua. Mwingine akasema ndani mna kichwa cha kinyonga. Dukani waliniuliza mimi, mtoto, kama nimewahi kuligusa, nikasema nimeligusa mara nyingi, nao wakarudi nyuma kidogo.

Jioni mama aliweka enya, ugali wetu, mezani, akamimina mboga, kisha akabaki amesimama.

"Wewe nasema kwa radio ndugu yangu iko mchawi?"

"Mimi hapana sema mchawi," baba alijibu. "Mimi nasema iko na kitu. Ni maneno ya mpira tu."

"Maneno ya mpira ndiyo natupa mawe." Mama hakupandisha sauti. "Wewe unajua watu yako. Sasa sikia. Kama hata chupa moja itapiga Wani, mimi na watoto narudi Koboko."

Asubuhi ya mechi tulikuta furushi karibu na mlango. Lilikuwa furushi hasa, kitenge cha mama kilichofungwa fundo juu, limevimba kila upande, na mama amekaa juu yake akichambua maharage. Baba alilizunguka alipokuwa anatoa ngoma nje. Alilitazama, akamtazama mama, akaendelea kuivuta ngoma yake. Mimi kwa upande wangu nilikuwa na furaha isiyo na mipaka. Koboko kulikuwa na nyanya, na kulikuwa na simsim. Sikuelewa kwa nini baba ana uso wa msiba siku ya mechi wakati sisi tumeshafungiwa mizigo ya safari. Nilimuuliza kama atakuja kutusindikiza, naye akaniambia nichukue fimbo za ngoma na nifunge mdomo.

Uwanja ulikuwa umejaa hadi juu ya ukuta, na nje ya ukuta miti ilikuwa imezaa watu. Koboko hawakuingia kwa lango. Walihofia kwamba chini ya lango kumezikwa kitu, kwa hiyo walisimamisha basi lao nyuma na kuruka ukuta mmoja mmoja, viatu mikononi. Watu wetu walipiga kelele za kuzomea, lakini mimi niliona ni jambo zuri sana, wachezaji kuingia uwanjani kama wanaoiba mapapai. Mjomba alikuwa wa mwisho. Alikaa kidogo juu ya ukuta, mrefu, jezi ya njano, taulo la kijani shingoni, na kelele ziliongezeka mpaka nikahisi vumbi linatetemeka. Akaruka ndani.

Kipindi cha kwanza alikuwa kwenye goli la mbali, kwa hiyo mimi niliona njano tu ikiruka huku na huku. Lo, aliruka. Tulipiga kwa kichwa, akapangua. Tulipiga kwa mbali, mpira ukagonga mwamba ukarudi. Tukapata nafasi ya wazi kabisa, mshambuliaji wetu na yeye tu, akaokoa kwa mguu. Na kila alipookoa alirudi pembeni mwa goli, akainama, akalishika taulo lake, akalifutafuta, akainuka.

"Umeona?" alisema Drani. Drani alikuwa rafiki wa baba, mpiga pembe mwenye kifua kikubwa, ambaye kwetu alijulikana zaidi kwa kumaliza sufuria ya anyoya, mahindi na maharage, peke yake. "Nasalimia kitu yake. Akimaliza kusalimia, mpira nakataa."

Baba alipiga ngoma kwa nguvu zaidi ili asimjibu.

Kipindi cha pili timu zilibadilishana magoli na mjomba akaja upande wetu. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kamba iliyotuzuia. Alitupa taulo lake kwenye kona ya wavu, limefungwa fundo, na tumbo lake limevimba kama nilivyolizoea. Akatafuta kwa macho kwenye umati. Aliponiona karibu na ngoma, alionyesha taulo kwa kidole, akanionyesha mimi, akatazama juu angani kama mtu anayetazama dari. Mate yalinijaa mdomoni. Niliuliza kama naweza kwenda sasa, na baba hakunisikia.

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Kongo na upepo ulileta harufu ya mvua. Bao lilikataa. Kila mpira uliokataa, watu walizidi kupiga kelele, na kelele zikaacha kuwa za wimbo zikawa za neno moja: taulo, taulo, taulo. Mwamuzi alikuja akasimama mbali, akalitazama, akapuliza filimbi mchezo uendelee. Hapo chupa ya kwanza ikaruka. Ilianguka kando ya mguu wa mjomba. Ikafuata ya pili, halafu gunzi la mahindi, halafu kitu ambacho sikukiona.

Ngoma ilinyamaza. Niligeuka nikaona mkono wa baba umebaki hewani na fimbo. "Acheni," alisema. Kisha akasema kwa sauti kubwa, akageuka akawakabili watu wake mwenyewe, mikono juu, "Acheni kutupa! Ni mpira hii!" Mtu aliyezoea kuimbisha uwanja mzima kwa fimbo mbili alikuwa anapiga kelele na hakuna aliyemwangalia. Moto aliuwasha mwenyewe kwenye simu akicheka, na sasa ulikuwa unapita juu ya kichwa chake. Nililiona jasho lake.

"Refa nakataa," Drani aliwaambia waliokuwa karibu naye. "Basi sisi naingia. Nachukua hiyo taulo sisi wenyewe, nafungua, namaliza maneno."

Haya, nifikirieni mimi hapo. Mimi nilijua kilichomo ndani ya lile taulo. Na nilimjua Drani. Niliposikia anataka kuingia uwanjani kulichukua, sikuwa na shaka hata chembe kuhusu anachokitaka: huyu mtu aliyetumalizia anyoya yetu amesikia harufu ya simsim za nyanya, na watu wote hawa wanaopiga kelele wamesikia pia, na wakifika kabla yangu sitabakiziwa hata punje. Kwa akili yangu ya wakati ule, uwanja mzima wa Arua ulikuwa umepandwa na wazimu kwa ajili ya madonge yangu.

Mchezaji wetu mmoja alikuwa ameumia upande wa mbali, mpira umesimama. Wanaume walikuwa wameshaishika kamba. Askari waliokuwa wamejipanga walikuwa wanatazama wanaume, hawakutazama chini. Nilipita chini ya kamba, nikapita kati ya miguu ya askari, nikakimbia.

Nakumbuka udongo ulivyokuwa wa moto chini ya nyayo zangu na upepo wa mvua ulivyokuwa wa baridi usoni. Nakumbuka kelele zilivyokatika nyuma yangu, upande mmoja kwanza, halafu upande mwingine. Nilifika kwenye kona ya wavu, nikalishika taulo kwa mikono miwili, nikalivuta. Mjomba alikuwa amegeuka. Mkono wake ulianza kunyooka kunizuia, maana alikuwa amewaona wale wanaume na alijua kinachokuja. Kisha akaniona ni mimi. Mkono ukarudi. Aliinua yote miwili juu, glavu zikiwa wazi, akatazama mawingu.

"Huyu mutoto amenimaliza," alisema.

Mtu mmoja mzee, nyuma ya kamba, ndiye aliyeanza. "Yule si mutoto ya dada yake?" Mwingine akajibu, "Ndiyo. Mutoto ya mwenye ngoma. Mama yake ni mutu ya Koboko." Maneno yale yalitembea juu ya vichwa, safu kwa safu, mpaka juu ya ukuta na hadi kwenye miti, mutoto ya dada, mutoto ya dada, na nyuma yake kukaja kicheko. Maana hapo desturi ilikuwa imeshafanya kazi yake. Hakuna Mlugbara wala Mkakwa ambaye hakuelewa alichokiona. Taulo lilikuwa si la kipa tena. Hakuna mtu wa kulipigania.

Mimi nilikuwa na haraka zangu. Nilikaa chini kando ya nguzo ya goli nikafungua fundo kwa meno. Kwanza wakatoka sisimizi, wengi, wakanipanda mikononi. Kumbe ndio waliokuwa wanainamiwa na kufutwa kila baada ya kuokoa. Mjomba alikuwa anapigana na timu mbili. Halafu yakaonekana madonge ya nyanya ndani ya karatasi ya nailoni. Nilipuliza sisimizi, nikatia moja mdomoni, nikafumba macho.

Askari alinishika begani kwa upole akanirudisha kwenye kamba, na pale nilikutana na Drani, bado ameishika, mguu mmoja umeshavuka. Watu wote walikuwa wanamtazama. Nilihisi nimeshinda, na aliyeshinda anaweza kuwa mkarimu. Nilimpa donge moja. Alilitazama kiganjani mwake kama mtu aliyepewa nge. Alikuwa amesema mwenyewe, mbele ya watu, kwamba mle ndani mna dawa.

"Kula, Drani," mtu akamwambia. "Wewe si nataka kujua?"

Akala. Akatafuna taratibu. "Iko na sukari nyingi," alisema hatimaye, na uwanja ukavunjika mbavu. Baba aliichukua fimbo akaipiga ngoma pigo moja zito, na wimbo ukarudi, wimbo wenyewe, ule wa zamani ambao hauna tusi ndani yake. Nywele zangu zinasimama hata sasa ninapouandika.

Kisha mvua ikaja. Mnaijua mvua ya Arua, haibishi hodi. Uwanja uligeuka tope jekundu, mpira ukawa mzito, wachezaji wakawa wa rangi moja, na hakuna aliyeondoka. Baba aliikumbatia ngoma chini ya bendera yake, akipiga kwa kupenyeza mkono. Mimi nilijifunika taulo langu kichwani. Karibu na mwisho kabisa, mshambuliaji wetu aliangushwa ndani ya boksi, mbele ya macho yetu, na mwamuzi akaonyesha nukta nyeupe ambayo ilikuwa haionekani tena.

Penalti. Penalti ya Arua, dakika za mwisho, dhidi ya Koboko. Watu walishikana mikono na watu wasiowajua. Mpigaji wetu alikuwa hajawahi kukosa. Na pale golini mjomba Wani alikuwa anafuta glavu zake kwenye jezi, na jezi ilikuwa maji matupu, anazifuta kwenye kaptula, na kaptula ilikuwa tope. Akatazama kona ya wavu. Hapakuwa na kitu. Akakunja ngumi, akakunjua, akazitikisa.

Baba alikuwa anamtazama. Alinivua taulo kichwani, akavuka kamba, na askari, sijui kwa nini, wakamwacha. Akaliinua mbele ya mjomba. Sote tulisikia, maana watu walikuwa wamenyamaza tena.

"Chukua. Futa mikono."

Mjomba alitikisa kichwa. "Hapana, shemeji. Mutoto ya dada akichukua, mutu hapana rudisha."

Baba alibaki ameshika taulo, lenyewe nalo limeshalowa. Kisha akarudi kwenye ngoma. Nilifikiri amekata tamaa. Akaiinua ile bendera nyekundu, bendera ya timu yetu, kavu kwa ndani, akaiondoa juu ya ngoma yake. Mvua ikaanza kuipiga ngozi. Ilitoa sauti ndogo mara ya kwanza, halafu ikaacha kutoa sauti. Baba hakugeuka kuitazama. Alimpelekea mjomba bendera, akaishika ncha mbili kama mtu anayemshikia mgeni kitambaa baada ya kunawa, na mjomba akafuta glavu zake humo, kidole kwa kidole, akafuta na uso.

"Shemeji!" mtu alipiga kelele nyuma yetu, kwa uchungu wa kweli. "Wewe shemeji!"

Mpigaji alikwenda. Mpira ulitoka chini, kushoto, mahali pale pale ambapo baba alikuwa anapiga mpira kati ya mipapai watu wakiitwa kula. Mjomba aliruka, akaufikia, na haukuteleza. Aliukumbatia kifuani ndani ya tope akabaki amelala nao, na filimbi ya mwisho ikalia hivyo hivyo, bila bao kwa wote.

Sijui niwaambie nini kuhusu kelele zile. Watu wetu walikuwa wamenyimwa ushindi na bendera yao wenyewe, na walipaswa kulia, na wengine walilia. Lakini walikuwa wanapiga makofi. Wale waliokuwa wameshika chupa walikuwa wanapiga makofi kwa chupa. Mimi nilikuwa naruka juu, sijui nashangilia nani. Drani alimwambia baba, "Wewe umewapa Koboko pointi na bendera juu yake," akampiga mgongoni mpaka baba akakohoa, kisha akambebea ngoma iliyokufa hadi barabarani. Tangu siku ile jina la baba mjini ni Shemeji. Hata watu wasiojua sababu wanamwita hivyo.

Tuliingia nyumbani tukichuruzika. Mama alikuwa amekaa juu ya furushi lake, radio mapajani, imezimwa. Baba alisimama mlangoni.

"Nimesikia," mama alisema. "Mutu ya radio alisema yote." Akalipiga furushi kwa kiganja. "Wewe alimpa bendera kwa sababu ya hii?"

Baba alilitazama furushi. Alilitazama kwa muda, kama mtu anayekiona kitu kwa mara ya kwanza, na maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mikono ya shati lake.

"Hiyo nilisahau kabisa," alisema. "Niliona mikono yake iko maji."

Mama aliinuka, akakifungua kitenge. Mle ndani hamkuwa na nguo hata moja. Yalikuwa maganda makavu ya mahindi na magunia matupu, yamejaa hadi juu, na yalipofunguliwa yalimwagika sakafuni mpaka miguuni pangu. Nililia, maana nilikuwa nimeshawaaga marafiki zangu. Baba aliyatazama maganda, akamtazama mama, akakaa chini katikati yake na nguo zake zote za maji, akaanza kucheka kicheko ambacho kilimtoa machozi. Mama alijitahidi kuukaza uso lakini hakuweza.

Hivyo ndivyo mjomba Wani alivyotukuta. Alikuwa ameomba ruhusa basi lisimsubiri. Alisimama mlangoni na tope lake, bendera ya Arua shingoni, akatazama kitenge kilichotandazwa, akatazama magunia.

"Nani iko nasafiri?" aliuliza.

"Hakuna mutu," mama alisema. "Funga mlango, mvua naingia."